Papa Kontroleri na Sauti Zake

Mara ya kwanza aliponipigia simu alikuwa mwanamke. Sauti laini, Kifaransa cha Kinshasa, maneno yanatoka taratibu kama ya mtu anayechagua maharage. "Allô, bonjour Mama. Hapa ni huduma ya wateja. Konti ya kabini yako inafungwa leo. Ili tusiifunge, utuambie kode yako ya siri, tafadhali." Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ndipo yule mwanamke akakohoa, kikohozi cha mzee aliyevuta tumbaku maisha yake yote, na mimi nikainua macho. Ng'ambo ya avenue, kwenye baraza lake, Papa Kontroleri alikuwa amekaa, leso imefunika simu, soksi za buluu zimepandishwa mpaka magotini, ananiangalia.

"Papa," nikasema, "kikohozi yako inatoka bila ruhusa."

Akakata. Akavuka barabara polepole, akasimama mbele ya meza yangu.

"Haukutoa kode," akasema. "Mais ulikuwa karibu. Nusu sukre."

Ile ndiyo ilikuwa amende yake, faini yake. Ukitoa kode, unamnunulia chupa ya sukre nzima, soda ya baridi. Ukikaribia kutoa, mnanunua moja na kugawana. Siku ile tuligawana. Yeye alikunywa ile nusu ya juu, na sijui kama ilikuwa nusu kweli, lakini sikupima, kwa hiyo sitamsingizia.

Mimi nina kabini ya simu hapa mtaani Hewa Bora: meza, parasoli, kiti cha plastiki. Watu wananiletea pesa nazituma kwenye simu zao, au wanaleta simu nami ninawapa pesa mkononi. Nimesoma mpaka la sita. Jioni ninaandika mambo ya siku, na ninaandika kama ninavyosema. Mume wangu anasema hata ninavyosema si vizuri. Kwa hiyo anayesoma anivumilie. Alizaliwa wapi yule mzee, ukoo wake ni upi, sikuuliza. Nilijua tu kwamba zamani alikuwa mkaguzi wa benki, wale wanaoingia asubuhi bila kusalimia na kuuliza kwa nini droo hii iko wazi. Benki aliiacha, au ilimwacha. Ukaguzi haukumwacha.

Kilichomuumiza kuliko yote ni desturi yetu ya kusema kode kwa sauti. Na ni kweli, sisi watu wa hapa tuko hivyo. Mama anafika ametoka soko, mikono ina samaki, ananitupia simu nimpe pesa: "Yaya, nitolee makuta, kode yangu unaijua." Mwingine hata hafiki, anaipigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara. Hatuoni aibu, tunaona ni heshima. Ukimficha mtu wa kabini kode yako ni kama unamwambia: weye ni mwizi. Wateja wangu wawili watatu walihama kwa sababu niliwaambia waandike wenyewe. "Sasa tumekuwa bageni?" waliniuliza.

Papa Kontroleri alisikiliza haya yote kutoka barazani, akawa anashika kichwa. Siku moja akaniletea boksi la maziwa ya unga, amelikata tundu upande mmoja na kulifunika kwa kitambaa cheusi. Mteja aingize mkono na simu ndani, aandike kode yake humo, macho ya watu yabaki nje. Lilikuwa na kidirisha kidogo juu cha kuchungulia. Watu waliliita konfesio. "Ninakwenda kuungama," walisema, na kuingiza mkono. Hata Mama Zaina, ambaye baba yake alitoka Maniema na ambaye hajakosa swala hata moja ninayoijua, aliingiza mkono wake na kuniuliza, "Mama Kabini, na penitensi yangu ni nini?"

Mvua ililiyeyusha boksi lile. Akaleta lingine. Mvua ikaliyeyusha. Akaleta lingine. Ninasema hivi kwa sababu wengi wanamkumbuka kwa utani tu, na utani ulikuwepo, lakini mtu wa utani tu haleti boksi la tatu.

Sauti zake sasa. Alikuwa na ya huduma ya wateja, ile ya mwanamke. Alikuwa na ya kijana anayelia: "Mama, ni miye, nimetuma makuta ku namba yako kwa kosa, unirudishie, mutoto iko ku hospitali." Alikuwa na ya serikali, nzito, ya kusema "conformément" kila baada ya maneno mawili. Alituangusha mmoja mmoja. Walioanguka nitawataja kwa usawa, ili mtu asiseme nina upande: katika juma moja alimwangusha mwadhini wa msikiti wetu na mkuu wa kwaya ya parokia. Wote wawili walitoa kode bila kupumua. Mwadhini alileta sukre siku hiyo hiyo. Mkuu wa kwaya alisema ataleta baada ya Kwaresima. Mimi ni Mkatoliki, ningependa iwe kinyume, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Je, alikuwa na haki ya kufanya hivi? Nimejiuliza sana na sijafika mahali. Nilimwuliza na yeye.

"Papa, si ni kosa kujifanya kampuni?"

"Ni kosa kubwa," alijibu. "Kama ningekuwa bado kazini, ningejifunga."

Halafu puce zake, laini zake za simu. Yeye ndiye aliyetuhubiria kwamba kila namba ya simu lazima iandikishwe kwa jina na karte ya kitambulisho ya mwenyewe, kwamba nchi isiyojua nani anaongea haiwezi kumkamata anayedanganya. Alisema vizuri, mpaka niliogopa. Lakini puce aliyotupigia nayo aliinunua Kipushi, kwa wachuuzi wa mpakani, ikiwa imeshaandikishwa tayari kwa jina la mtu mwingine.

"Ya nani?" nilimwuliza.

"Ya bwana mumoja, Mwansa."

"Unamujua?"

"Hapana. Mais namuheshimu. Sijamuharibia jina hata siku moja."

Nilicheka, na nilipomaliza kucheka niliona kwamba hakuwa amesema kwa nini hakuiandikisha kwa jina lake.

Maneno yake yalibaki katika avenue kama mabaki ya chakula, kila mtu ana lake. Mimi nilipenda lile la benki. "Zamani," alisema, "benki ilikuwa na mulango ya chuma na askari mwenye mustashi. Mwizi alikuwa anajua pa kuja, na miye nilijua pa kumungojea. Leo benki iko mu mufuko ya suruali, na suruali iko ku kamba inakauka." Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alisema sheria nzima ya benki, vitabu vyote vile vinene, ni jibu la swali moja: makuta ikipotea, nani atajibu? "Ukiuliza kabini, inasema uliza kampuni. Kampuni inasema uliza mwenye simu. Mwenye simu anasema Mungu anajua. Donc Mungu njo huduma ya wateja yetu." Na sheria, alisema, ipo, nzuri kabisa, lakini inatoka Kinshasa kwa miguu, na mwizi anapita katika réseau, mtandao wa simu.

Sasa nifike kwenye kese ya kilio, mfuko wetu wa msiba, maana bila hiyo mtu huyu angebaki kichekesho tu, na sitaki kumpunguza.

Avenue yetu ina kese moja ya kilio kwa wote. Akifa Mwislamu, inanunua sanda na chakula cha wanaokuja kumlilia. Akifa Mkristo, inanunua sanduku na kukodi viti. Si avenue nyingi zina hiyo. Zamani pesa zilikaa kwenye kopo kwa Mama Zaina, ambaye ni trezoriere, mshika pesa wetu, tangu mimi niolewe huku. Kopo likaingia katika simu, konti ikaandikwa jina la Mama Zaina. Papa Kontroleri alikataa kode ikae kichwani mwa mtu mmoja. Aliigawa. Tarakimu mbili za mbele akachagua Mama Zaina, mbili za nyuma akachagua Papa Ngoy, mzee wa reli, mtoto wa mzee wa reli, Mkatoliki wa kaskazini ambaye hacheki mpaka aone wengine wamemaliza. Kila wakitaka kutoa pesa walikuja wote wawili kwenye kabini yangu. Mama Zaina anaingiza mkono kwenye boksi, Papa Ngoy anageukia ukuta. Kisha wanabadilishana. Ilikuwa kama ndoa.

Jambo lenyewe lilitokea mchana, mbele yangu. Mama Zaina alikuwa amekaa kwenye kiti changu cha plastiki, anachambua mchicha. Simu ikalia. Ninasema nilichosikia, na upande mmoja niliusikia baadaye.

Aliyepiga alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya simu, katika ajansi yao mjini. Mfanyakazi wa kweli. Alimwambia kuna kijana mbele yake ameleta kopi ya karte ya uchaguzi ya Mama Zaina, anasema ametumwa, puce ya mama imeharibika, anataka puce mpya yenye namba ileile. Kijana asema kweli? Mama anathibitisha? Yule mfanyakazi alifanya kama sheria inavyotaka: kabla ya kutoa, piga uulize.

Mama Zaina alishika tumbo kwa kucheka.

"Mawe! Papa Kontroleri! Leo sauti umeitoa wapi? Iko muzuri! Ndiyo, mumupatie, ule kijana! Mumupatie puce, mumupatie na bibi, na harusi nitalipa miye!"

Akakata, akafuta machozi. "Amezeeka," aliniambia, "lakini leo amejitahidi." Tuliangalia ng'ambo kumpungia mkono. Baraza lilikuwa tupu. Tukafikiri amejificha ndani.

Haukupita muda simu ya Mama Zaina ikafa. Hakuna réseau, hakuna kitu. Namba yake ilikuwa imehamia katika simu ya mtu tusiyemjua. Kopi ya karte aliipata wapi? Watu walisema kwenye mashine ya fotokopi, watu walisema mengine. Hatukujua, nami sitamtaja mtu.

Mwizi alikuwa na namba, hakuwa na kode. Alijaribu, alijaribu tena, mpaka konti ikajifunga yenyewe. Lakini haya tuliyajua baadaye sana. Siku zile tulichojua ni kwamba konti imefungwa, ndani kuna kitu au hakuna, na kampuni inasema uchunguzi unaendelea. Na kila mtu alijua kwamba Mama Zaina mwenyewe, kwa mdomo wake, alisema mumupatie.

Papa Ngoy alisema mbele ya kamati ya kese: "Muntu haiwezi kusema ndiyo kwa kucheka. Alisema ndiyo juu alikuwa anajua ule kijana. Nusu ya kode alishaiuza. Kama makuta ingali ndani, nusu yangu njo ilibazuia."

Nilisema nilikuwepo, nilisema alicheka kwa sababu alifikiri ni Papa Kontroleri. Papa Ngoy akaniuliza kama niliisikia sauti ya aliyepiga. Sikuisikia. Nilisema sikuisikia. Labda ningeweza kuongeza neno, lakini sikuwa nalo la kweli.

Papa Kontroleri hakuja kwenye kamati. Alituma ujumbe kwamba ana homa. Nilimwona barazani akila mahindi ya kuchoma.

Kuanzia hapo Mama Zaina hakukaa tena kwenye kiti changu. Alipita upande wa pili wa avenue, haraka, leso imeshuka usoni. Watoto wa watu wakubwa walianza kusema "puce na bibi" akipita. Baadhi ya Waislamu wakasema heri wawe na kese yao. Baadhi ya Wakristo wetu wakasema heri iwe hivyo, na walisema kwa furaha iliyonichukiza. Mambo yaliyoshikana muda wote ule yalianza kuachana kama soli ya kiatu.

Na avenue nzima ikakatazwa kufa. Huo ndio ulikuwa utani wa wakati ule, na ulikuwa utani mbaya, lakini tuliushika maana tulikuwa na huo tu. Mzee akipiga chafya, watu: "Papa, ungoje kwanza, kese imefungwa!" Bibi mmoja aliyeumwa mguu aliambiwa apone haraka, asituletee matatizo. Mungu alitusikia, sijui kwa nini. Hakufa mtu.

Haki yake niiseme sasa. Papa Kontroleri alitoa kabatini koti lake la ukaguzi, la kijivu, lenye mabega makubwa, akaanza kwenda mjini. Alikwenda ajansi, akarudi, akaenda tena. Alikuwa anajua sheria inampa mteja haki ya kujibiwa, na aliwasomea bila kitabu. Jioni alipita kabini kuniripoti, kana kwamba mimi ndiye mkubwa wake.

"Wamesema dosye, faili yetu, iko Kinshasa."

"Na weye ukasema nini?"

"Nikauliza: nani atajibu? Wakanipatia namba ya kupiga. Nikapiga. Inajibu mashine. Nikaifanyia sauti ya serikali, haikuogopa. Nikaifanyia ya kijana analia. Mama Kabini, haina roho."

"Papa," nilimwambia siku hiyo, ingawa yeye ni mzee wangu, "ajansi unaenda kila siku. Kwa Mama Zaina haujaenda."

Akafunga vifungo vya koti. "Ajansi iko na makosa ya utaratibu," akasema.

"Na weye?"

"Miye niko na soksi zimeloa." Akaondoka. Kulikuwa kumenyesha, soksi zililoa kweli. Lakini hilo si jibu.

Ndipo akaugua, na safari hii haikuwa homa ya kukwepa kamati. Kifua. Nilikwenda kumtazama, alikuwa amelala chumba cha mbele, amekuwa mdogo, ile sauti ya mwanamke wa Kinshasa ndiyo pekee iliyokuwa imebaki kooni kwake, hakuwa na budi kuitumia.

"Siwezi kufa sasa," alininong'oneza. "Itakuwa irregularité, kosa ya utaratibu."

Nikacheka, kisha nikatoka nje nikalia kidogo nyuma ya nyumba, halafu nikarudi.

Nilipokuwa hapo, mlangoni akasimama Mama Zaina. Hakuwa amekanyaga nyumba ile tangu mambo yaanze. Hakukaa.

"Papa, konti imefunguliwa. Makuta yote iko."

Mzee akafumbua macho. "Nani amekuambia?"

"Balinipigia simu, ku namba ya bwana yangu."

"Na weye ukaamini?"

"Nikabatukana," akasema Mama Zaina. "Nikabatukana mpaka bakakata. Kisha nikapanda taksi, nikaenda mupaka ajansi, nikaona na macho yangu, nikarudishiwa namba yangu, nikauliza jina ya muntu anayenijibu, nikaiandika ku mukono." Akaonyesha kiganja. Wino ulikuwepo.

Papa Kontroleri alitabasamu kama mtu aliyepewa maji. Niliona uso wake ukirudi. "Muzuri," akasema. "Muzuri sana. Sasa naweza kufa."

"Hapana," akasema Mama Zaina.

Akafunga kile kiganja.

"Makuta imerudi," akasema, "jina yangu haijarudi. Jana bale batoto baliniitia 'puce na bibi' tena. Papa Ngoy anasema makuta iko juu ya nusu yake, si juu yangu. Miye ningekufa leo, bangenizika na ile jina. Na weye unajua nilicheka juu ya nini. Weye peke yako unajua kabisa. Ulilala humu, ukanyamaza."

Nilitegemea atoe sauti yoyote, ya serikali, ya kijana anayelia. Mkewe aliyekuwa mlangoni alitaka kusema mume wake mgonjwa, akaacha. Halafu mzee akaninyooshea mkono.

"Koti," akasema.

Tulimsimamisha wawili, mkewe na mimi. Mama Zaina hakumshika. Alitembea kando, hatua yake na ya mzee. Mzee alibisha mlango kwa mlango. Kwa mwadhini alisema. Kwa mkuu wa kwaya alisema. Alisema kwa sauti yake mwenyewe, iliyopasuka, ambayo nafikiri wengi walikuwa hawajawahi kuisikia vizuri. Kila mlango alipumzika, akikohoa, na watu wakimwambia arudi kulala akatikisa kichwa. Watoto walianza kutufuata, kwanza kwa mzaha. Baadaye waliacha mzaha.

Mlango wa Papa Ngoy tuliuacha wa mwisho, au tuseme miguu ilituacha hapo. Alitoka na singleti, akatuangalia sote.

"Ngoy," akasema mzee, "huyu mama hakuiba. Hakuuza nusu. Hakuwa anajua ule kijana. Mwizi wa kweli alikuya, na mutumishi wa kweli akapiga simu kumuuliza, na yeye akacheka, juu miye njo nilimufundisha kucheka pahali pa kuogopa. Mwaka na mwaka. Miye. Uandike pa kamati, na useme mbele ya bantu, kama vile ulisema ile ingine."

Papa Ngoy aligeuka. Aliingia ndani. Tulifikiri ametufungia. Kisha akarudi na kiti kimoja cha mbao, akakifuta kwa singleti yake, akakiweka kivulini, mbele ya Mama Zaina.

"Ukae, Mama," akasema.

Mama Zaina akakaa.

"Na miye mugonjwa?" akauliza Papa Kontroleri, ananing'inia mabegani mwetu.

"Weye," akasema Papa Ngoy, "usimame kwanza."